Baba kapinda mdomo dakika 15 kisha karudi sawa. Tumpeleke usiku huu au tusubiri asubuhi?

KitindaMimba, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Naandika haraka, mnisamehe makosa.

Leo kwenye saa 12 kasoro jioni baba yangu (miaka 67) alikuwa amesimama mbele ya kioo anafunga vifungo vya shati, mimi nipo mlangoni namsubiri tutoke. Kifungo cha kwanza kikaingia. Cha pili kikagoma. Nikadhani tundu ni dogo. Akajaribu tena, nikaona vidole vya mkono wa kulia vinapapasa kitambaa kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nikamwambia, "Baba, ngoja nikufungie." Akageuka kunijibu, na hapo ndipo nilipouona mdomo umeshuka upande wa kulia. Akasema, "Nipe ule mlango." Mlango gani tena? Akaonyesha miwani yake kwa mkono wa kushoto, "mlango, mlango," na akawa ananikasirikia kwa nini simwelewi.

Tukamkalisha. Mama akamletea maji, yakamwagika pembeni mwa mdomo. Dakika 15, labda 20 (sikuangalia saa, na hilo linanisumbua), kila kitu kikarudi. Uso sawa, mkono sawa, miwani akaiita miwani. Shati akalimalizia mwenyewe hadi kifungo cha juu kabisa, ili tu anionyeshe.

Sasa yuko sebuleni anasikiliza habari na kutucheka. Anasema mchana aliulalia mkono. Mama anasema ni uchovu. Kaka zangu wawili wamepiga simu, wote wanasema aonwe na daktari asubuhi, usiku huu tutamchosha bure. Dawa za presha anazo, anakunywa akikumbuka. Mimi ndiye mdogo kwa wote, na nyumbani kwetu mdogo hana kauli. Ila mdomo ule niliuona mimi.

Je, nakuza mambo? Mtu aliyerudi sawa kabisa bado ni wa kukimbizwa hospitali?

ZamuYaUsiku, saa 2:46 usiku

Dada, mpeleke sasa hivi. Usisubiri asubuhi, usisubiri kaka zako wakubaliane.

Nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Uliyoyaeleza yana sura zote za kiharusi cha mpito: mshipa wa ubongo umeziba kwa muda, kisha ukazibuka. Kurudi sawa hakuna maana kwamba yamekwisha. Hatari ya kiharusi chenyewe ni kubwa zaidi ndani ya saa 48 za kwanza, na zako zimeanza kuhesabiwa tangu kile kifungo cha pili.

Asiendeshe gari, hata akisisitiza. Asile wala asinywe chochote hadi wampime kumeza. Yale maji yaliyomwagika yangeweza kuingia mapafuni. Usimpe aspirini. Viharusi vingi, kama 85 katika kila 100, ni vya mshipa kuziba, lakini vilivyobaki ni vya mshipa kupasuka, na kwa macho hakuna awezaye kuvitofautisha, hata mimi. Picha ya kichwa ndiyo inayosema. Wala usimwongezee kidonge cha presha eti kwa kuwa cha asubuhi alikisahau: presha ikiporomoka ghafla, ile sehemu ya ubongo inayopata damu kwa shida huikosa kabisa. Beba dawa zake zote, na maboksi yake.

Mapokezi usiseme "baba hajisikii vizuri", utakalishwa kwenye benchi. Sema hivi: "Alipinda mdomo kulia, mkono wa kulia ulikosa nguvu, maneno yakamchanganyikia, ilianza saa fulani, ikapita baada ya dakika 15." Wanaojua kazi wakisikia hayo wataacha wanachofanya.

Na saa hukuiangalia, sawa, lakini simu yako inaijua. Ulimpigia nani kwanza? Fungua orodha ya simu ulizopiga.

Dalili zikirudi mkiwa bado nyumbani, piga namba ya dharura hapo hapo na uandike dakika zilipoanza.

Mpita_Njia, saa 2:51 usiku

Pole sana dada. Kabla ya kukimbilia hospitali kuna ujumbe nilitumiwa kwenye WhatsApp, nimeuhifadhi. Unachukua sindano, unamtoboa ncha za vidole vyote kumi mpaka damu idondoke, presha ya kichwani inashuka. Umewasaidia wengi. Pia mwambie atoe ulimi, ukiwa umenyooka hana kiharusi. Jaribuni hayo kwanza, hayana gharama.

MkonoWaKushoto, saa 3:08 usiku

Binti, naandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Nilianza Zamu alipojibu tu, na ndiyo kwanza namaliza. Kama bado mko nyumbani acha kusoma, vaa viatu, utamalizia njiani.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka minne iliyopita, siku ya Alhamisi, nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Pazia la kijivu likashuka kwenye jicho la kushoto, kutoka juu kuja chini, taratibu, bila maumivu yoyote. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa: pazia lipo. Nikafumba jicho la kulia: giza. Nikafumba la kushoto: naona vizuri. Baada ya dakika tatu hivi pazia likapanda lenyewe. Nikatunga uzi wangu nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu. Nilipanga kwenda kupima miwani mwisho wa mwezi.

Ijumaa mkasi ukanidondoka. Nikauokota, ukadondoka tena. Mkono wa kulia ulikuwa kama glavu iliyojazwa mchanga, upo lakini hauna habari na mimi. Dakika kumi. Nikajisemea kitambaa nilichokata jana kilikuwa kizito. Unaona mchezo wenyewe? Kila dalili ilikuja na udhuru wake tayari, na mimi nikaupokea.

Jumamosi niliamka saa 12 asubuhi nikakuta mkono wa mtu kifuani pangu. Mzito, wa moto. Nikataka kumwambia mke wangu autoe mkono wake. Mke wangu alikuwa ameshaamka, amesimama dirishani. Mkono ulikuwa wangu.

Nikamwita jina lake. Ilitoka sauti tu, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Yeye hakuniuliza mara mbili.

Hospitali, kabla ya jina langu, kabla ya umri, daktari alimuuliza swali moja: "Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?" Hakuuliza nimeamka saa ngapi. Aliuliza mzima. Mke wangu akasema saa 4 usiku, alipozima taa. Nilimwona yule daktari akihesabu, nikaona na bega lake likishuka. Zimepita saa nane. Ipo dawa ya kudungwa mshipani inayoyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mtu alipokuwa mzima, na kila dakika inayowahi ina faida yake. Wengine, mshipa mkubwa ukiwa ndio ulioziba, huingiziwa mrija kuanzia kwenye paja na donge likavutwa nje, na hilo kwa baadhi ya wagonjwa huwezekana hata hadi saa 24. Kwa hali yangu na mahali nilipokuwa hakuna lililofaa. Usingizi ulikula saa zangu zote.

Baadaye walinipima shingo kwa ile mashine inayotumika kutazama mimba. Mshipa mkubwa wa kushoto ulikuwa umebaki na njia nyembamba kama tundu la sindano. Daktari akanichorea kwenye karatasi: mshipa huo ndio unaolisha jicho la kushoto na sehemu kubwa ya nusu ya kushoto ya ubongo, na nusu hiyo ndiyo inayotawala mkono wa kulia na, kwa watu wengi, maneno. Hodi ya kwanza Alhamisi, ya pili Ijumaa. Ya tatu haikungoja niseme karibu.

Ndiyo maana nakwambia baba yako hakupona jioni ile. Ilipita tu. Mimi ilinipita mara mbili.

Mkiwa njiani, kila baada ya muda mwambie atabasamu, umwone kama pande zote mbili zinapanda. Mwambie ainue mikono yote miwili mbele, afumbe macho, uhesabu hadi kumi: uangalie kama mmoja unateremka wenyewe. Mwambie arudie sentensi nzima, si "ndiyo" na "hapana", maana hizo mbili hata mimi nilibaki nazo. Uso, mkono, usemi. Kimoja tu kikiharibika kinatosha, usingoje vitimie vitatu. Na vipo visivyo usoni wala mkononi: jicho kuzimika ghafla kama langu, kuona vitu viwili viwili, kuyumba ghafla kama mlevi, kichwa kuuma ghafla kuliko siku zote za maisha yako. Neno la kulishika hapo ni *ghafla*.

Mpita_Njia ndugu yangu. Sindano nimeishika miaka 30. Vidole nimejitoboa mara zisizo na idadi, damu imedondokea hadi kwenye magauni ya maharusi. Kama sindano ya kidoleni ingezuia kiharusi, mimi ningekuwa mtu wa mwisho duniani kupatwa. Futa huo ujumbe. Na ulimi wangu Alhamisi na Ijumaa ulikuwa umenyooka kama rula.

KitindaMimba, saa 3:21 usiku

Nimemsomea baba aliyoandika Mzee Mkono, kwa sauti, mama akiwepo. Alikuwa anacheka mpaka nilipofika kwenye mkasi. Hapo akanyamaza. Kumbe wiki iliyopita funguo zilimdondoka mara mbili mlangoni na hakumwambia mtu.

Kasema, "Leteni koti." Alitaka kuendesha mwenyewe, mama akachukua funguo. Tunatoka.

Orodha ya simu: nilimpigia kaka 17:52, yaani saa 11 na dakika 52 jioni, na nilipopiga ndiyo kwanza tumemkalisha. Nimeandika kwenye kiganja.

Mpita_Njia, saa 3:30 usiku

Nimeelewa mzee. Nimefuta. Mungu awasaidie.

KitindaMimba, saa 11:15 alfajiri

Wakuu, tupo wodini. Nilisema yale maneno ya Zamu kama yalivyo na yule wa mapokezi akainuka pale pale. Kitu cha kwanza walimtoboa kidole kupima sukari (nikamkumbuka Mpita_Njia, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu). Wakampiga picha ya kichwa, hakuna damu iliyovuja. Presha 172/98.

Jambo ambalo sikulitegemea: muuguzi mmoja alimshika kifundo cha mkono, pale pa kuhesabia mapigo, akakaa nacho muda mrefu bila kusema kitu, macho kwenye saa. Kisha akamwita mwenzake naye akashika. Wakamwekea vile vishikizo kifuani. Wanasema moyo unapiga ovyo, mara mbili za haraka, kimya, moja, tatu, na kwamba huenda donge lilitokea huko moyoni likapanda kichwani. Baba anasema hajawahi kusikia moyo ukimsumbua hata siku moja.

Inawezekanaje moyo upige hivyo na mwenyewe asijue? Na je, ni kweli ilikuwa "karibu tu" au wanatutisha?

ZamuYaUsiku, saa 12:02 asubuhi

Ndiyo natoka zamu. Hongera dada, umefanya kazi ya watu wazima watatu.

Inawezekana kabisa, na wengi hugundulika hivyo hivyo, kwa mkono wa mtu aliyekaa na mapigo dakika nzima badala ya sekunde 15. Chumba cha juu cha moyo, badala ya kukamua damu vizuri, kinatetemeka. Damu inatuama kwenye kifuko kidogo cha chumba hicho, na damu iliyotuama huganda. Kipande kikichomoka kinafuata mkondo, na mkondo mkubwa unaelekea kichwani. Mtu mwenye mapigo ya namna hiyo ana hatari ya kiharusi mara tano hivi ya asiye nayo. Dawa za kuzuia damu kuganda hupunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Aspirini haichukui nafasi yake, watu huchanganya. Na dawa hizo hazipendi mtu wa "nakunywa nikikumbuka": dozi ikirukwa kinga inaondoka haraka, na akizidisha anavuja damu. Hilo mliongee naye mapema.

Kuhusu kuwatisha. Kuna utafiti wa Oxford uliochapishwa mwaka 2007. Walichukua watu wenye kiharusi cha mpito au kiharusi kidogo, wakalinganisha kipindi ambacho matibabu yalichelewa na kipindi ambacho yalianza siku ile ile. Ndani ya siku 90 waliopata kiharusi kingine walikuwa kama 10 katika kila 100 kwenye kundi la kuchelewa, na kama 2 kwenye kundi la kuwahi. Hawakuwa na dawa mpya yoyote. Walitumia zile zile, ila mapema. Kaka zako wakiuliza kwa nini hukungoja asubuhi, wape hiyo.

Walichompima kwenye kidole ni kwa sababu sukari ikishuka sana huweza kuigiza kiharusi, mdomo na mkono na kila kitu. Hiyo ndiyo sindano pekee ya kidoleni yenye kazi.

Mpita_Njia, saa 12:40 asubuhi

Naomba niulize na mimi maana sikulala vizuri. Nina miaka 41. Mwezi uliopita kazini walitupima, yangu ikawa 154/96. Sikurudi. Sijisikii chochote, kichwa hakiumi, napanda ngazi vizuri. Sigara nusu pakiti kwa siku. Kweli mtu wa miaka 41 naye ahesabiwe?

MkonoWaKushoto, saa 4:20 asubuhi

Ahesabiwe. Chumba cha mazoezi ya viungo nilikokwenda, aliyekaa kiti cha kushoto kwangu alikuwa na miaka 29.

Kuhusu kutosikia chochote: presha haina sauti. Mimi yangu ilikuwa juu miaka sijui mingapi, na kila nikiulizwa nilijibu kama wewe, naona vizuri tu. Mshipa wa damu hauna mdomo. Nyumba ikivuja unaona doa darini. Huku doa liko ndani.

Lakini namba moja ya kazini siyo hukumu. Huenda ulikuwa umesimama foleni, unaongea, una kibofu kimejaa. Pima upya kwa adabu. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, usikunje miguu. Mkanda wa mashine uwe juu ya ngozi, si juu ya mkono wa shati (mimi fundi nakwambia, kitambaa kinadanganya), na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Usivute sigara nusu saa kabla. Usiongee, hata kama mke anakuuliza kitu. Pima mara mbili, zipishane dakika moja. Asubuhi na jioni, wiki nzima, uandike kila kitu, zile mbaya hasa. Kisha nenda na karatasi hiyo kwa daktari. Na ukikuta namba ya juu imefika 180, au ya chini 120, tulia dakika chache upime tena. Ikibaki hapo na una dalili yoyote ya zile nilizomwandikia binti, hiyo siyo ya karatasi, ni ya hospitali saa hiyo hiyo. Hata bila dalili zungumza na daktari siku hiyo hiyo.

Ukiambiwa unywe dawa, kunywa. Hapa nataka nikae kidogo maana ndipo wengi tunapoangukia. Nilipewa dawa za presha miaka sita kabla ya Alhamisi ile. Nikanywa miezi miwili, nikapima, 128/80, nikasema nimepona, nikaacha. Haikuwa imepona. Ilikuwa imeshikwa. Ukiachia mkono kitambaa kinarudi kilipokuwa. Daktari alinieleza kwamba kushusha ile namba ya juu kwa 10 tu kunapunguza viharusi kwa robo hivi. Kumi tu! Nami nilikuwa na hiyo kumi kwenye boksi, kabatini, imepitwa na tarehe.

Sigara. Nilivuta pakiti nzima kwa miaka 22. Mvutaji ana hatari kama maradufu ya asiyevuta, na inateremka mwaka hadi mwaka ukiacha. Usinidanganye kwamba nusu pakiti ni nusu ya hatari, damu haigawanyiki hivyo. Niliacha siku ya Jumamosi ile kwa sababu moja ya kijinga: sikuweza kuwasha kiberiti kwa mkono mmoja. Wewe tafuta sababu nzuri kuliko hiyo.

Mengine unayajua. Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kisichojaa, na hapo imo ile usiyoiona kwenye vyakula vya pakiti. Kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. Pombe ipunguze. Kapime sukari na mafuta ya kwenye damu, maana navyo havina sauti. Siendi mbele, nitakuwa kama bango la ukutani.

Nikipewa nafasi ya kurudi nyuma siku moja, sirudi Jumamosi. Jumamosi ilikuwa imeshapita. Narudi Alhamisi, kwenye ile miwani niliyokuwa naifuta.

ZamuYaUsiku, saa 9:10 alasiri

Nimeamka, naongeza mawili kwa Mpita_Njia. Kama unakoroma sana na mkeo anasema kuna wakati pumzi inakatika usingizini, mwambie daktari, nalo hupandisha presha. Na wasomaji akina mama: mwenye kipandauso cha kuanza kwa kuona miale au mistari machoni, aulize vizuri kabla ya kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, hasa kama anavuta sigara. Mjamzito au aliyejifungua karibuni akipata kichwa cha ghafla au dalili yoyote ya hapo juu asiambiwe ni uchovu wa mtoto.

KitindaMimba, siku ya tisa, saa 1:30 usiku

Narudi na habari. Baba alitoka siku ya nne. Ana dawa ya kuzuia damu kuganda, ya presha na ya mafuta. Kaka mkubwa kamnunulia mashine ya kupimia na daftari, na mimi nikamchorea mistari: tarehe, asubuhi, jioni. Nikamfundisha yote ya Mzee Mkono, nyayo chini, mkono mezani.

Nimeangalia daftari leo. Siku tano mfululizo, asubuhi na jioni, 120/80. Yote. Kwa mwandiko mzuri sana.

Mzee, hii inawezekana kweli?

MkonoWaKushoto, saa 2:15 usiku

Haiwezekani. Presha haikai mahali pamoja hata kati ya asubuhi na jioni. Baba yako anakuandikia namba ya kwenye kitabu ili msimsumbue. Nami nilifanya hivyo, ila mimi nilikuwa naandika 125 ili isitiliwe shaka.

Mashine nyingi zina kumbukumbu. Tafuta kitufe chenye herufi M, bonyeza, zitatoka moja moja pamoja na tarehe. Usimfanyie hivyo mbele ya wajukuu.

KitindaMimba, siku ya kumi, saa 1:05 asubuhi

Kumbukumbu ina vipimo viwili tu. Kimoja ni cha kaka alipokuwa anaijaribu alipoileta, kingine ni changu.

Nilimkuta peke yake, nikakaa pembeni, nikaiweka mashine katikati yetu, sikusema neno. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akasema anaogopa kuona. Hivyo tu. Tangu lile la kioo anaogopa kila namba itakuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, nikakosa la kusema.

Tumekubaliana napima mimi, yeye anafumba macho, naandika mimi, na anauliza akitaka.

Leo asubuhi 138/84. Aliuliza.

MkonoWaKushoto, saa 3:40 asubuhi

Jioni pima tena. Na umwambie anayeandika hapa naye alikuwa anafumba macho.